Mwanafunzi wa udaktari akimwogopa mwalimu, mgonjwa ndiye anaumia

Kwako Mhariri,

Kila madaktari wakigoma magazeti hujaa barua, na ni sawa, hata sisi tulibishana sana mwaka wa 2024 wakati mgomo ulienda siku 56 juu ya malipo ya maintani, yaani wale madaktari wapya walio kwa mwaka wa mazoezi, kila mtu kwa matatu alikuwa na maoni yake kama intani anafaa kulipwa shilingi 206,000 au 70,000 kwa mwezi. Lakini kuna jambo sijawahi kuona mtu akiliandikia gazeti, nalo ni hili: huyo intani alifundishwa na nani, na huyo aliyemfundisha alikuwa anamwona kama nani.

Mimi ni muuguzi mstaafu, nimefanya kazi kwa wodi za huku kwetu magharibi sehemu kubwa ya maisha yangu, na sasa niko na mtoto anasomea udaktari amefika ile miaka ya wodini. Kwa hivyo naongea kama mtu amesimama pande zote mbili za kitanda. Hospitali sitazitaja, maana hili si jambo la hospitali moja na sitaki mtu aanze kutafuta ni nani badala ya kusikia ni nini.

Kwa wasiojua, digrii ya udaktari hapa Kenya ni miaka sita, halafu mwaka mmoja wa intanishipu ndio baraza la madaktari likusajili kikamilifu. Miaka ya kwanza ni darasani, anatomia, fiziolojia, kukariri usiku kucha. Halafu mtoto anatupwa wodini. Wa chuo cha Maseno wanaenda hospitali ya Jaramogi hapa Kisumu, ile wazee bado wanaita Russia kwa sababu Wasovieti ndio walisaidia kuijenga, wa Egerton wako ile ya Nakuru tulikuwa tunaita PGH, yaani hospitali kuu ya mkoa, wa Masinde Muliro wako hospitali ya kaunti Kakamega, na wa Moi wako hospitali ya rufaa Eldoret. Na huko wodini kitabu pekee hakikusaidii tena. Huwezi kusoma kwa kitabu ini lililovimba linahisi vipi chini ya vidole, lazima mtu aliyelishika mara nyingi akuwekee mkono pale na akuambie subiri, mwambie avute pumzi, sasa, umesikia? Mwalimu ndiye kila kitu. Kama hakupendi, au hakuoni, au hakuji, basi umepotea na karo imeenda, na karo yenyewe kwa wanaojilipia ni mamia ya maelfu kila mwaka, mzazi ameuza shamba.

Sasa niwaambie raundi ya wodi inakuwaje ukipata mwalimu mbaya. Wanafunzi wamejipanga tangu saa mbili asubuhi na makoti meupe, konsaltanti, yaani daktari bingwa anayefundisha, anaingia saa tano, hasalimii mtu, hata mgonjwa hasalimii, anaelekeza kidole kwa mmoja, wewe, eleza. Mtoto anaanza kueleza historia ya mgonjwa, sauti inatetemeka, anafika kwa swali la kwanza anakwama. Hapo ndipo matusi yanaanza. Nimesikia mwanafunzi akiambiwa aende nyumbani akafuge kuku. Nimesikia mwingine akiulizwa ni nani alimwibia mtihani wa KCSE. Nimeona msichana akifukuzwa raundi na faili ikatupwa sakafuni, mimi ndiye niliokota zile karatasi. Na haya yote mgonjwa amelala pale anasikia, huyu huyu ambaye jioni atatakiwa akubali yule mwanafunzi amtoe damu. Atamwaminije?

Watu wanadhani hii ni shida ya hisia tu, ati watoto wa siku hizi ni laini. Hapana. Ni shida ya usalama wa mgonjwa na nitaeleza kwa nini, kwa kitu nilichoona mwenyewe.

Kulikuwa na mama amejifungua, siku ya pili hivi, anangoja kuruhusiwa. Mwanafunzi mmoja alipewa kazi ya kupima presha wodi nzima. Akapima ya huyu mama akapata 160 kwa 110 na kitu. Akapima tena, ile ile. Sasa mtu yeyote aliyefunzwa uzazi anajua hiyo namba ni hatari, hata baada ya mtoto kutoka mama anaweza kupata kifafa cha mimba, wengi hawajui hilo, wanadhani mtoto akitoka basi imeisha. Huyu msichana alijua. Lakini siku iliyotangulia alikuwa ameaibishwa mbele ya wenzake wote kwa kusoma presha vibaya, akaambiwa hata mtoto wa nasari angeweza, na daktari aliyemwambia hivyo ndiye alikuwa kwa wodi asubuhi hiyo. Akaogopa. Akaandika ile namba kwa karatasi yake kando, sio kwa chati, akaanza kuzunguka akitafuta mashine nyingine. Mimi nilimwona anazunguka nikamuuliza binti yangu unatafuta nini, akanyamaza kwanza, halafu machozi. Tulienda pamoja tukapima, mama tayari analalamika kichwa kinamgonga na macho hayaoni vizuri. Daktari akaitwa, magnesiamu ya kuzuia kifafa ikaanzwa, dawa za presha zikaanzwa, mama akaenda nyumbani na mtoto wake. Lakini dakika zilipotea pale, na hazikupotea kwa sababu ya ujinga, jibu alikuwa nalo mkononi limeandikwa. Zilipotea kwa sababu ya woga, na woga ule ulipandwa na mwalimu.

Nimefikiria sana juu ya yule msichana. Kile alifundishwa ile siku ya kuaibishwa si kupima presha. Alifundishwa kuficha. Na mtoto akishajua kuficha wodini, ataficha akiwa intani saa nane usiku katika hospitali ndogo huko mashinani, hakuna konsaltanti karibu, simu anaogopa kupiga kwa sababu anakumbuka vile alijibiwa mara ya mwisho alipouliza swali, na mgonjwa ni wewe ama ni mama yako.

Ukiwaambia walimu hawa, jibu ni moja, hata sisi tulifunzwa hivyo, tukaiva. Nimeisikia hiyo kauli kwa vinywa vya watu ninaowaheshimu sana kikazi, wapasuaji ambao mikono yao ningewaachia mtoto wangu. Lakini wanahesabu waliobaki tu. Hawahesabu walioacha, hawahesabu waliomaliza wakiwa wamevunjika roho, wala hawahesabu wagonjwa ambao kitu kilionwa juu yao kikanyamaziwa. Na tena, kuna kitu sisi wauguzi tunajua ambacho madaktari wakubwa hawajui. Sisi tuliweza kumtambua intani alifundishwa na nani kwa vile anaongea na mtu wa kufagia. Kweli kabisa. Aliyetukanwa anakuja kutukana, anaanza na mtu wa usafi, anakuja kwa muuguzi, anamaliza na mgonjwa. Na aliyefunzwa kwa heshima unamjua siku ya kwanza tu, anauliza sista hii dawa hapa mnaipeana vipi, bila aibu yoyote.

Kuna wa aina ya pili, na wakati mwingine naona huyu ndiye mbaya zaidi, kwa sababu hata hakasiriki. Huyu haji. Kiongozi wa darasa anapiga simu, haishikwi, anaandika WhatsApp, inaonekana imesomwa, hakuna jibu. Saa sita inakuja ujumbe, someni slaidi. Wiki zinaenda hivyo, rotesheni ya upasuaji, yaani zile wiki za kukaa wodi hiyo, inaisha na mtoto hajashona hata kidonda kimoja mwalimu akiangalia, halafu siku ya mwisho vile vitabu vya kuonyesha kazi mwanafunzi amefanya vinapelekwa vyote kwa rundo, vinapigwa sahihi dakika kumi, imeisha. Kwa karatasi huyo mtoto amefunzwa. Na konsaltanti alikuwa wapi? Alikuwa kwa kazi zake za pembeni, kwa kliniki yake ya kibinafsi ya ng'ambo ile ya mji.

Hapa nataka kuwa mkweli kwa walimu pia kwa sababu nimekunywa chai nao na najua mzigo wao. Wengi wanaofundisha wodini hawajaajiriwa na chuo, wameajiriwa na kaunti ama hospitali, na tangu afya iende kwa kaunti 2013 unakuta daktari bosi wake ni kaunti, wanafunzi ni wa chuo, na hakuna mtu ameandika mahali popote saa ngapi ni za wagonjwa na saa ngapi ni za kufundisha. Chuo kinampa cheo cha mhadhiri wa heshima, ambacho hakinunui unga. Na wale wa chuo wenyewe nao tumeona, mwaka wa 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma walikaa nje wiki saba wakidai pesa walizokubaliana zamani. Halafu ukitaka kupanda cheo chuoni unaulizwa umechapisha makala ngapi, umeleta pesa za utafiti ngapi. Hakuna anayeulizwa umewafundisha wangapi kusikiliza kifua vizuri. Mtu akiona kitu hakihesabiwi, atakifanya kwa nguvu kiasi gani? Mimi siwezi kusema hiyo ni roho mbaya tu.

Na wanafunzi wameongezeka sana. Vyuo vinahitaji karo, shule za udaktari zimefunguliwa nyingi, vitanda havijaongezeka hivyo. Nimeona umati umezunguka kitanda kimoja mpaka wa nyuma hawaoni mgonjwa kabisa, wanaona migongo. Huku kwetu Nyanza tuko na malaria na selimundu, kwa hivyo bandama iliyovimba ni kitu kila mwanafunzi anataka kuigusa, na mtoto mmoja mwenye bandama kubwa atabonyezwa tumbo na mikono mingi mpaka analia akiona koti jeupe linakuja. Mwalimu mzuri hapo angesema wawili tu leo, wengine kesho kwa mgonjwa mwingine. Mwalimu asiyejali ameshaenda.

Lakini wazuri wapo jamani, na ndio sababu nakasirika, kwa sababu najua inawezekana. Nilifanya kazi na daktari mmoja wa watoto, wanafunzi walikuwa wanakuja kwake hata Jumamosi bila kuitwa. Alikuwa anaingia, anamsalimia mama kwanza kwa Kijaluo, ama Kiluhya chake cha kubahatisha, ama Kiswahili, anaomba ruhusa, hawa ni wanafunzi wangu wanataka kujifunza kwa mtoto wako, utawakubalia? Mara nyingine mama alikataa na raundi ikasonga kitanda kingine bila neno. Mwanafunzi akitoa jibu lisilo sawa hakusema ni makosa, alisema, umefikaje hapo? Basi mtoto anaeleza, na katikati ya kueleza anajigundua mwenyewe. Hilo swali moja lilimwonyesha daktari mwanafunzi amepotelea wapi, kitu ambacho tusi haliwezi kukuonyesha, maana ukimtukana ananyamaza na hujui kama hakusoma ama alisoma akachanganya. Na kuna siku aliulizwa kitu na mwanafunzi wa mwaka wa nne akasema mbele ya wote, hiyo sijui, kesho tukutane kila mtu amesoma. Kesho yake alikuja amesoma. Wanafunzi waliomfuata huyo walikuwa wanaripoti kila kitu, hata vitu vidogo vya kusumbua, na mimi kama muuguzi wa zamu nililala vizuri nikijua wako wodini.

Hii sio mambo ya Wazungu ati tunaletewa. Ni kweli William Osler kule Baltimore, chuo cha Johns Hopkins, mwisho wa karne ya 19, ndiye anasifiwa kwa kutoa wanafunzi kwa ukumbi wa mihadhara na kuwaleta kando ya kitanda, na alisema hataki kukumbukwa kwa kingine zaidi ya kufundisha wanafunzi wodini. Lakini hapa kwetu pia, Moi ilipopokea darasa la kwanza la udaktari Eldoret mwaka wa 1990, haikuanza na mwalimu kusimama mbele anamwaga maneno. Ilianza na vikundi vidogo, wanafunzi wanapewa tatizo wanalijadili, mwalimu anaongoza tu, na wakawa wanatumwa vijijini kukaa na watu waone ugonjwa unatoka wapi, hiyo programu wanaiita COBES. Kwa hivyo wazo la kwamba mwanafunzi ni mtu anayefikiri, si gunia la kujazwa, liko upande huu wa nchi kwa zaidi ya miaka thelathini. Tatizo ni kwamba unaweza kubadilisha ratiba yote na ukaacha mwalimu na moyo wake wa zamani, na moyo ndio unaingia wodini.

Kuna jambo lingine nataka kila mwalimu wa udaktari alisome mwenyewe. Kile kiapo cha kale cha Hipokrate kilimtaka daktari amwone mwalimu wake kama mzazi, lakini kilimpa pia deni la kufundisha watoto wa mwalimu huyo bila malipo. Kisha lilipokuja Azimio la Geneva 1948, la Chama cha Madaktari Duniani, likasema daktari atawapa walimu wake heshima na shukrani, basi, mwanafunzi hakutajwa. Mwaka wa 2017 walikutana Chicago wakalibadilisha. Sasa daktari anaapa kuwapa heshima na shukrani walimu wake, wenzake, na wanafunzi wake. Wanafunzi wameandikwa mle. Kwa hivyo daktari anayemwambia mtoto wa watu akafuge kuku mbele ya mgonjwa hajakosa adabu tu, amekwenda kinyume cha kiapo cha kazi yake.

Mtu atauliza, kwa nini wanafunzi wasiripoti. Wataripoti kwa nani? Yule aliyekutukana ndiye atakaa mbele yako kwa mtihani wa kuulizwa kwa mdomo mwisho wa mwaka, na akisema umeanguka umeanguka, utakula sapu, yaani urudie mtihani, ama utarudia mwaka mzima, na mzazi alipe tena. Ndio maana Ronald Harden kule Dundee, Scotland, mwaka wa 1975 alileta ule mtihani wa vituo vingi, wanafunzi wanauita oski, unazunguka kutoka kituo hadi kituo na kila kimoja kina mtahini wake na alama zake zimeandikwa tayari, ili matokeo yako yasishikwe na mtu mmoja. Vyuo vyetu vinautumia, lakini mtihani wa mdomo na ule wa kumchunguza mgonjwa mmoja kwa muda mrefu bado upo, na pale uso wako ukijulikana vibaya umeisha. Mtoto wangu aliniambia waziwazi, mama usiseme chochote mpaka nimalize.

Nimesema, lakini kwa njia ambayo haimgusi, na ninayo machache ya kuomba. Wanafunzi wapewe nafasi ya kumpima kila mwalimu wa wodi baada ya rotesheni, bila majina, na karatasi zisiende kwa idara ile ile, ziende kwa mkuu wa shule, na mwalimu azione baada ya alama kutoka. Kaunti na vyuo vikae chini viandike saa za kufundisha kwa mkataba na vizilipie, si kutegemea huruma ya mtu aliyechoka. Na anayefundisha vizuri apandishwe cheo kwa kufundisha, kama vile anayechapisha anapandishwa. Tena wafunzwe kufundisha jamani, mtu anasoma miaka mingine kadhaa kuwa bingwa wa upasuaji, na hakuna hata wiki moja amewahi kuambiwa mwanafunzi aliyekwama anasaidiwaje, tunadhani itakuja yenyewe tu kwa sababu anajua kupasua.

Na sisi wauguzi tuulizwe. Tuko pale saa zote, tunaona raundi za kila mtu, na hakuna hata mmoja wa wakuu wa shule aliyewahi kutukataza kusema, ni vile hatujaulizwa. Kabla darasa jipya liingie wodini, mkuu wa shule awaite viongozi wa madarasa yaliyotangulia pamoja na wauguzi wasimamizi wa wodi, chumba kimoja, walimu wasiwepo, awaulize wodi gani wanafunzi wanaogopa kufungua mdomo. Majina yatakayotajwa si mengi, na yatatajwa na wote.

Muuguzi mstaafu na mzazi,
Kisumu